Kichwa cha Mama Obore

Busia nzima, upande huu wa mpaka na ule wa pili, ukitaka kujua fulani ni mjukuu wa nani, ama kwa nini nyumba ile na ile hazisalimiani, huendi kwa chifu wala kwa padre. Unakwenda nyuma ya soko, kwa Atai, Mama Obore, penye chungu cha malwa. Unavuta kigoda, unachomeka mrija wako mrefu chunguni kama wenzako, unainyonya ile pombe ya wimbi polepole huku maji moto yakiongezwa, halafu unauliza. Naye Atai, bila kuinua macho kwenye ungo wake wa karanga, anakupa jibu na nyongeza juu.

"Huyo? Huyo ni wa Ikiring. Siyo Ikiring wa matofali, yule mwingine, aliyekimbiwa na bibi harusi pale Sikuda siku ya mvua ya mawe. Babake alikuwa mfupi hivi, anatumia mkono wa kushoto. Haya sema, mtoto wa watu amekukosea nini?"

Shuleni hakukaa sana. Alitoka kabla hajajua kugawanya, akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na katika hayo yote kichwa chake kikawa kinaokota kila kitu na kukiweka mahali pake. Maloba, muuza samaki wa upande wa Kenya, alikuwa akivuka mpaka na kiu yake kila jioni na kusema, "Huyu mathe kichwa yake ni kabati. Vuta droo yoyote, kitu iko." Atai alikuwa akijifanya amechukia. Lakini tuambiane ukweli, maneno hayo ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Ugali ulikuwa wa kushibisha tumbo tu.

Maji moto yalikuwa yakiongezwa na Prossy, mkamwana wake, Mjapadhola wa Kisoko, mke wa Obore. Obore mwenyewe ni dereva wa lori, leo yuko Juba, kesho yuko Mombasa, mkewe anamjua zaidi kwa simu. Prossy alikuwa mwanamke wa maneno machache. Anakuja na birika, anamimina, anaondoka. Atai alimpenda sana, jinsi sisi wote tunavyowapenda watu wasiotuzidi.

Sasa, wakaja watu wa utafiti.

Aliyetumwa mbele alikuwa kijana wa Tororo aitwaye Jonan, shati amechomekea, kalamu mfukoni, heshima nyingi. Akaeleza kwamba wanataka watu wazima wa kila umri, vijana, wa makamo na wazee, wawachezeshe michezo ya akili halafu wawapige picha ya ubongo kwa mashine. Wanataka kuona umbo la ubongo na akili ya mtu vinakwendaje pamoja, tangu ujana mpaka uzee.

"Yaani mnataka kujua akili inakwenda wapi mtu akizeeka?" akauliza Okanya, yule wa boda, mdomo mkubwa kuliko pikipiki yake.

"Tuseme hivyo."

"Iko ndani ya hiki chungu! Ingiza mashine hapa!"

Nyumba ikacheka mpaka mirija ikagongana. Lakini Atai alikuwa ameshasimama, anajifunga leso kiunoni. Akili? Waje waione. Akajiandikisha wa kwanza. Siku ya gari kuja kuwachukua, akamgeukia Prossy akamwambia, "Na wewe twende, unibebee mkoba." Ndivyo Prossy alivyoingia kwenye utafiti. Alikwenda kubeba mkoba, Jonan akaona ana umri wanaoutafuta, akamwomba naye ajaribu.

Tororo waliwachezesha. Kulinganisha alama haraka haraka huku saa inakwenda. Kukumbuka orodha ya vitu. Kueleza maana za maneno, kila mtu kwa lugha yake. Kwenye maneno Atai aliogelea kama bata. Kwenye zile alama vidole vilimsaliti kidogo, akailaumu miwani. Kisha wakalazwa mmoja mmoja ndani ya mashine inayonguruma kama kinu cha posho kilichomeza mawe, wakaambiwa watulie. Atai alitulia, akawa anafikiria jinsi atakavyoisimulia safari hii.

Mvua za kwanza zilipoanza, Jonan akarudi na zawadi: kila mtu picha ya ubongo wake mwenyewe, kwenye karatasi nzuri inayong'aa. Akasema waziwazi, tena mara mbili, "Mama zangu, baba zangu, haya siyo matokeo ya mtihani. Ni kumbukumbu tu. Tafadhali msilinganishe."

Kumwambia Mbusia asilinganishe ni kama kumwambia kuku asiparure. Kabla kijana hajakaa, picha mbili za nyumba ile zilikuwa zimelazwa kwenye benchi ubavu kwa ubavu, vichwa vyote vya wanywaji vimeinama juu yake.

Ya Prossy ilikuwa imejaa. Ule ubongo ulibana fuvu pande zote, mikunjo imeshikana kama vidole vya mtu anayesali. Ya Atai ilikuwa na mitaro. Mikunjo ilikuwa imeachana, pembeni kuna ukanda mweusi, na katikati kuna uwazi wenye umbo la kipepeo, mkubwa mara mbili ya kile kipepeo cha Prossy.

Halafu Okanya akachota karanga moja kwenye ungo wa Atai, akaiweka sikioni, akaitikisa.

Hapo inafaa nieleze. Karanga za mbegu Atai huzichagua kwa sikio. Unaitikisa ikiwa bado ndani ya ganda. Ikinyamaza, imejaa, ipande. Ikilia kacha kacha, imesinyaa ndani, hiyo kaanga au mpe kuku. Kila aliyekaa kwenye benchi lile alifundishwa jambo hilo na Atai mwenyewe.

"Mama Obore," akasema Okanya kwa sauti ya daktari, "mimi naona yako inalia."

Jamani, walicheka. Maloba alipaliwa, pombe ikamtoka puani. Mwingine akaanguka na kigoda chake. Atai naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote, kwa sababu nyumba ni yake na mwenye nyumba hanuni. Lakini alipotupa jicho akamwona Prossy mlangoni, birika mkononi, anatabasamu. Katabasamu kadogo tu, haka ka mtu aliyesifiwa bila kuomba. Kakamwingia Atai kama mwiba wa samaki.

Jonan alikuwa akijaribu kupaza sauti. "Sikilizeni! Ubongo wa kila mtu unapungua kidogo kidogo tangu ujanani, hata wangu umeanza. Tukiwapima watu wengi sana kwa pamoja, tunaona ubongo ukiwa mkubwa, akili nayo huwa juu kidogo. Kidogo tu! Ukichukua mtu mmoja na mwenzake, picha haikuambii kitu. Halafu wepesi wa kichwa ndio unaoshuka. Maneno na maarifa yanabaki, kwa wengine yanazidi..."

Nani alimsikiliza? Walishikilia karanga.

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Wivu haubishi hodi, unaingia na wageni wengine, unashtukia umeshakaa. Kwanza ulikuwa mzaha. Mtu akiuliza jambo, Okanya anadakia, "Ngoja, tuulize kwanza iliyojaa." Prossy anaona haya, anakataa. Wanamsihi. Siku moja akajibu. Walikuwa wakibishana kuhusu njia ipi ya panya ilifungwa wakati mpaka ulipofungwa kwa ugonjwa, na Prossy, akiwa bado anamimina maji, akasema ilikuwa ile ya mtoni, kwa sababu ndiyo siku Obore alipolala upande wa pili. Ilikuwa kweli. Atai alikuwa nalo jibu hilo hilo kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa linakuja. Lilikuwa linavaa viatu tu, na mwenzake akatangulia kutoka.

Tangu hapo akawa anamwangalia. Akaona mambo ambayo hakuwa ameyaona miaka yote: kwamba Prossy hasahau nani amelipa maji na nani bado, kwamba anabadili lugha nne bila kukohoa, Kijapadhola kwa huyu, Kiteso kwa yule, Kisamia kwa Maloba, Kiswahili kwa wapita njia. Kwamba anaposikiliza, anasikiliza kweli. Alikuwa hivyo siku zote? Au ni picha ile iliyompa kichwa? Na mbona Obore sasa akipiga simu anauliza, "Mpe Prossy nimuulize kitu," wakati zamani alikuwa akisema, "Mpe mama"?

Maloba alimwambia kichwa cha sangara hurudisha ubongo. Atai akawa anavila vichwa vya sangara kwa siri, nyuma ya jiko, macho na mashavu na yote, mpaka paka wa soko wakamjua kwa jina. Asubuhi, akiwa peke yake anafagia, alisimama, akatazama huku na huku, akatikisa kichwa chake mwenyewe karibu na ukuta na kutega sikio. Kisha akajitukana, akaendelea kufagia. Kesho yake akatikisa tena.

Alimvizia Jonan kwenye steji ya boda. "Mwanangu, mimi si mtoto. Niambie. Wangu umesinyaa?"

"Mama, umepungua kama wa kila mtu wa umri wako. Na kusema kweli watu wa umri wako wengi..."

"Umepungua," akasema Atai.

"Mama, sijamaliza."

"Umemaliza, baba. Asante." Akaondoka. Hakujua kwamba sentensi ile ilikuwa na mkia, na mkia ulikuwa mtamu.

Pigo lenyewe lililetwa na Egau, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mkubwa wa ukoo kule Sikuda. Binti yake, Aanyu, alikuwa amepata mchumba, kijana wa Sop Sop, na siku ya utambulisho ilikuwa imepangwa. Sasa, ukoo wa Egau una desturi yake. Wageni wanapokuja kuomba binti, kabla ng'ombe hawajatajwa, husimama mwanamke aliyeolewa katika ukoo, akawataja kwa majina wanawake wote waliowahi kuvuka kutoka ukoo huu kwenda ukoo ule na kutoka ule kuja huu. Wanawaita madaraja. Ukiwataja vizuri, wageni wanajiona wako kwao, na mazungumzo yanateleza. Ukikosea, unaweza kuvunja ndoa kabla haijafungwa. Atai alikuwa ndiye mdomo huo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hakuna binti wa ukoo ule aliyeolewa bila sauti yake.

Egau akakaa, akavuta mrija, akakohoa. "Shemeji, safari hii nimeonelea asimame Prossy."

Atai akadhani ni utani. "Prossy nani?"

"Huyu wetu. Wageni ni Wajapadhola, ni watu wa kwao, atasema nao kwa lugha yao. Tena," akaangalia chungu, "watu wanasema kichwa kimechoka kidogo. Pumzika, shemeji. Umetufanyia mengi. Wewe mfundishe tu majina."

Pumzika! Neno wanaloambiwa wagonjwa na ng'ombe. Atai akasema, "Vizuri, shemeji, umeona mbali," akamwongezea maji moto kwa mkono wake mwenyewe. Ila ndani ya kifua chake kulikuwa na mtu anayepasua kuni.

Jioni hiyo hiyo Prossy alimfuata jikoni, akapiga magoti kama inavyompasa. "Mama, mimi sikuomba. Ukisema nikatae, nakataa."

"Ukatae kwa nini? Wewe umejaa."

"Mama."

"Kaa. Nitakufundisha."

Akamfundisha. Jioni baada ya jioni, huku wanachuja kimea, alimpa majina kwa mpangilio: aliyevuka wakati wa nzige, aliyevuka na mtoto mgongoni, aliyevuka akarudi akavuka tena. Prossy aliyashika upesi kiasi cha kutia hasira. Unamwambia mara moja, anarudisha. Atai mwenyewe, ujanani, aliyahangaikia mvua mbili. Na kila Prossy aliporudisha bila kosa na kuinua macho kutafuta sifa, ule mtu wa kifuani alipasua gogo lingine.

Ndipo ulimi wake ukamtangulia.

"Ukimaliza hao," akasema, anachochea moto, "kuna mmoja mkubwa kuliko wote. Atim wa Sop Sop. Mtaje wa mwisho, mtaje kwa sauti. Huyo ndiye daraja lenyewe. Watapiga vigelegele."

"Atim wa Sop Sop," akarudia Prossy. "Nimemshika."

Kumbe Atim alikuwa ndiye daraja lililokatwa. Aliolewa na amu wa Egau, siku ambazo Atai alikuwa bibi harusi mpya. Mke mwenzake alimsingizia kwamba anakausha maziwa ya ng'ombe kwa macho, na ukoo ukaamini, ukamfukuza mchana kweupe, kibuyu kichwani, watoto wakimtupia mabua. Ndugu zake wa Sop Sop walikuja na marungu. Ilipatanishwa kwa taabu, mbuzi akachinjwa, ikaapwa pande zote mbili kwamba jina lile halitatajwa tena mbele ya wageni. Waliokumbuka upande huu walikuwa wachache. Egau mmoja, Atai wa pili.

Atai alikuwa ameshapiga hesabu zote. Prossy angelitaja, wageni wangenuna, Egau angefoka, Prossy angesema, "Mama ndiye aliyenipa." Naye Atai angeshangaa taratibu, mkono kifuani: "Mimi? Mwanangu, umelitoa wapi hilo? Labda kichwa kimejaa mno." Wageni wangetulizwa na nani basi? Na yeye. Angesimama, angesawazisha, na siku hiyo hiyo Busia ingejua kabati liko wapi.

Siku ikafika. Uwanja wa Egau kule Sikuda ulijaa, mahema mawili, upande wa wenyeji na upande wa wageni. Okanya alikuwa ameleta watu tangu asubuhi, watatu watatu kwenye pikipiki. Maloba alikuja na samaki na suti. Wanawake wa Sop Sop waliingia kwa nyimbo, wakakalishwa kwenye mikeka mbele, na mwisho wakaingizwa, wameshikwa mkono kwa heshima, wazee wao.

Atai alikuwa amekaa nyuma, mahali pa watu waliopumzika. Akanyoosha shingo kuwahesabu wazee wa watu, maana hiyo ndiyo kazi yake, na macho yake yakasimama kwa kikongwe aliyekuwa akishushwa mkekani, fimbo mkononi, kovu dogo juu ya nyusi. Bua la mtama ndilo lililomkata pale, siku ile. Atai alikuwa amesimama kando ya boma akaliona likiruka.

Atim. Hai. Miaka yote hii alimweka kwenye droo ya marehemu.

"Ni nani yule bibi?" akamuuliza mama aliyekaa kando yake, ingawa alijua.

"Bibi mkubwa wa bwana harusi. Alimlea kijana tangu mamake alipofariki. Ati hakutaka kuja, kijana ndiye aliyemsihi. Akasema, kama huyo bibi haji basi na yeye haji."

Alikuwa amepima aibu ya mtu mmoja, kikombe kimoja cha maji ya kummwagia Prossy. Aanyu hakuwamo kwenye hesabu ile, na pale alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja, vitone vya jasho puani, anamwangalia mchumba wake kama mtu anayeangalia mvua. Kijana yule hakuwamo. Bibi huyu, aliyekubali kukanyaga tena udongo uliomtupa, hakuwamo. Kichwa chote kile, kilichowaweka watu wa wilaya mbili, kilishindwa kuona hatua ya pili mbele ya pua yake. Na hapo hakuna wa kumlaumu, wala miwani, wala kipepeo. Ni wivu uliokuwa umekalia njia.

Prossy akasimama. Gauni lake la gomesi, kijani, mabega ya juu, sauti imetulia. Alianza kwa Kijapadhola, wageni wakaitikia. Akaingia kwenye majina. Aliyevuka wakati wa nzige: kigelegele. Aliyevuka na mtoto mgongoni: kigelegele, mwanamume mmoja akasimama kucheza. Alikuwa anasema vizuri. Mungu wangu, alikuwa anasema vizuri kuliko Atai alivyowahi kusema, na hata pale, roho ikiwa mkononi, jambo hilo lilimchoma. Majina yalikuwa yanaisha. Yamebaki matatu. Ukimkatiza msemaji wa madaraja, ni mkosi na matusi, labda uwe mlevi au mwenye akili zilizopotea.

Atai hakuwa amekunywa.

Alipiga kigelegele kimoja kirefu, kibaya, kisichokuwa na mahali, akaingia katikati ya uwanja leso ikiburuta. "Wapi mtoto?" akapaza sauti. "Ubatizo gani huu, mtoto hayuko? Padre yuko wapi?"

Uwanja mzima ukamgeukia.

"Mama Obore," akaita Egau, "rudi ukae."

Akamwendea bwana harusi, akamshika tai, akaivuta kidogo. "We Okanya, mbona leo umefungwa kamba kama mbuzi? Mrija wako uko wapi? Leo hunywi?"

Kicheko kikapasuka upande wa wageni, kicheko cha huruma na aibu, watoto ndio waliocheka kweli. Aanyu akafunika uso. Okanya halisi akaja mbio kumshika mkono, lakini Atai akawa ameshayumba mpaka kwa Prossy, akamwangukia begani kama mtu aliyeishiwa na nguvu, mdomo ukakaa sawa na sikio.

"Atim hatajwi," akanong'ona. "Ni yule mwenye fimbo. Mruke."

Prossy hakugeuka. Hakushtuka hata kope. Alimshika Mama kiunoni, akampa Okanya, akasema kwa sauti ya upole wageni wote wasikie, "Mtusamehe, mama yetu amechoka." Kisha akavuta pumzi, akayamaliza majina matatu, na pale palipokuwa pa Atim akaweka mkono kifuani. "Na daraja la mwisho ni hili mnaloliona. Mimi ni wa kwenu, niko kwao, na sijalowa." Wanawake wa Sop Sop waliruka juu. Kikongwe akagonga fimbo yake chini, mara mbili, akicheka bila meno.

Atai aliyasikia hayo akiwa mgongo umegeuka, anaongozwa jikoni. Okanya hakumtania. "Pole, Mama. Kaa hapa kwenye kivuli. Nikuletee maji?" Alizungumza polepole, neno moja moja, kama unavyozungumza na mtoto. Atai angetoa vichwa vyote vya sangara alivyokula ili asikie yule mjinga akimwambia kwamba inalia.

Nje ng'ombe walitajwa, wakakubaliwa. Nyimbo zikaanza. Wapishi walimpisha Atai kwa macho ya chini, mmoja akaweka kisu mbali naye, na minong'ono ikapita juu ya masufuria: maskini, alikuwa na kichwa yule, picha ilisema, si mliona picha?

Ngoma zilipochanganya, Prossy akaingia. Akawaomba wapishi wampe nafasi kidogo na mama. Walipotoka hakupiga magoti. Alikaa kwenye kigoda, uso kwa uso.

"Yule bibi kovu lake lina habari," akasema. "Na habari yenyewe imetoka kwetu. Ndiyo maana hatajwi."

Atai akageuzia macho masufuria.

"Na wewe ulijua tangu siku ya kimea."

"Nilijua."

"Hukudhani yuko hai."

"Nilidhani alishazikwa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Kama ningejua, nisingekupa."

"Ungenipa jingine."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nje mtu alikuwa akiita jina la Prossy, tena na tena, wageni wanamtaka acheze. Prossy akapangusa jasho, akakunja leso yake taratibu.

"Kesho chunguni wataniuliza," akasema. "Nikiwaambia ulikuwa unaigiza, watataka kujua kwa nini. Nitawaambia uliniwekea mtego, halafu ukautegua mwenyewe, tena kwa akili ambayo mimi sina. Kichwa chako utarudishiwa. Nikinyamaza, utabaki kama walivyokuona leo, na hakuna atakayekuuliza tena nani ni mjukuu wa nani." Akainuka. "Sitaki kukuchagulia, Mama. Mbaya, au mpumbavu?"

Atai alimwangalia. Muda si mrefu uliopita mtoto huyu alikuwa amenong'onezwa maneno machache katikati ya umati, na kwa hayo tu alikuwa amelijenga jambo zima, mwanzo wake na mwisho wake, na njia zote mbili za kutokea.

"Mpumbavu," akasema.

Prossy akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kucheza. Vigelegele vikampokea mlangoni.

Atai akabaki na masufuria. Alijiambia kwamba kinachomuuma ni kile kigoda chake nyuma ya soko, na nyumba iliyojaa watu ambao kesho watamwongelea polepole. Lakini alikuwa amewajua watu muda mrefu mno asijijue mwenyewe. Kilichomuuma ni lile swali. Lilikuwa swali zuri, fupi, lisilo na pa kukimbilia, na hakulitunga yeye.